Tafakari ya Juma: Maneno Mawili ya "Sisi"



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini kila juma tunaandika "sisi" hali mshika kalamu ni mmoja. Swali hilo ni la haki. Tumekaa nalo kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani, kwa sababu yuko bibi mmoja katika kisiwa cha Cebu, nchini Ufilipino, aliyetufundisha kwamba neno hilo si jepesi kama linavyotamkwa. Leo tunaomba ruhusa yenu tusimulie habari zake, na habari za lugha yake, Kisebuano, inayozungumzwa na watu wapatao milioni 20 katika visiwa vya kati na kusini vya nchi ile.

Mwezi Januari mwaka 2016, kuanzia tarehe 24 hadi 31, Kongamano la 51 la Ekaristi la Kimataifa lilifanyika katika mji wa Cebu. Tulikwenda wanne: padre mmoja na waamini watatu. Kongamano lilipokwisha, tulibaki siku sita katika kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, nyumbani kwa mjane mmoja. Wajukuu zake walimwita "Lola", yaani bibi, nasi tukamwita hivyohivyo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na Kisebuano chetu hakikuwapo kabisa. Kati yetu naye kulikuwa na jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi, na kijitabu tulichokinunua mjini, chenye maneno ya Kisebuano upande mmoja na maana zake kwa Kiingereza upande wa pili. Tulikiamini kijitabu kile kupita kiasi.

Siku ya kwanza hatukukihitaji. Mwalimu alitufikisha mlangoni, akasimama hatua chache kutoka kizingitini, akapaza sauti: "Ayo!" Kutoka ndani sauti ya mzee ikajibu: "Dayon!" Tukatazamana tukacheka. Kijitabu kilisema neno la kwanza latokana na "maayo", yaani "-ema", na la pili lina maana ya "kisha" au "endelea". Mwingereza akisoma hivyo atabaki mlangoni akishangaa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuelewa: mtu amepiga hodi, naye ameambiwa karibu. Kiingereza hakina neno la hodi, kwa hiyo kijitabu hakikuwa na mahali pa kuliweka.

Mengine yalituchekesha kwa namna nyingine. Lola alituashiria chumba cha mbele akasema, "Sala, sala." Ndani tuliona sanamu ya Mtoto Yesu katika vazi jekundu, mshumaa na maua. Tukadhani, kama yeyote kati yenu angalivyodhani, kwamba wageni hupelekwa kwanza kusali. Tukapiga magoti. Lola naye, asije akawaaibisha wageni wake, akapiga magoti pamoja nasi. Mwalimu alipoingia na kutukuta hivyo alisubiri tukamaliza, ndipo akatueleza kwamba "sala" ni neno lililotoka kwa Wahispania, na maana yake ni sebule. Bibi wa watu alitaka tu tuketi. Tulipofungua kijitabu tulikuta balaa kubwa zaidi: "sala" nyingine, inayotamkwa kwa kuikata sauti mwishoni, maana yake ni dhambi. Na kwenda kanisani kuabudu ni "simba". Tulipowaeleza wajukuu kwamba kwetu simba hula watu, walikimbia huku wakicheka, na tangu saa ile jina letu pale kijijini likawa hilo.

Lakini kadiri siku zilivyopita tuliona jambo lisilo la kuchekesha. Mara nyingi Kiswahili na Kisebuano vilikuwa vimesimama pamoja upande mmoja, na Kiingereza, tulichokitegemea kama daraja, kilikuwa kikiondoa kitu njiani. Fikirini habari ya chakula. Lola aliposimama pembeni ya shamba alisema "humay". Alipomtuma mjukuu dukani alisema "bugas". Alipotuita mezani alisema "kan-on". Kijitabu kilifasiri yote matatu kwa neno moja, "rice". Mkulima wa Kyela au wa Mwea hahitaji kufundishwa: ni mpunga, ni mchele, ni wali. Wale wanaojua jasho lililo kati ya shamba na sahani hawawezi kuita vitu hivyo vitatu kwa jina moja. Vivyo hivyo "bulan" ni mwezi wa angani na ni mwezi wa kalenda, kama kwetu.

Tena, Kisebuano husema "anak" kwa mtoto na "siya" kwa yeye, bila kutenga mwanamume na mwanamke, sawasawa na lugha yetu. Kwa sababu hiyo mwalimu, alipotuambia kwa Kiingereza kwamba mtoto wa Lola anafanya kazi nchi za Ghuba, alitumia neno la mwanamume. Sisi nasi, tunaoteleza vivyo hivyo kila tunaposema Kiingereza, hatukushuku. Tukamwombea "kijana wako" siku mbili nzima. Siku ya tatu tukajua kwamba ni binti.

Si mara ya kwanza watu kuelewana pale Cebu kwa kupitia lugha ya tatu. Ferdinand Magellan alipofika kisiwani mwezi Aprili 1521, mkalimani wake alikuwa Enrique, mtumwa aliyesema Kimalayu. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwamo safarini, aliandika orodha ya maneno ya wenyeji pamoja na maana zake: viungo vya mwili, vyakula, hesabu. Ndiyo kusema kijitabu chetu kilikuwa na babu yake. Mwezi uleule watu walibatizwa, na mke wa mtawala Humabon akapewa sanamu ya Mtoto Yesu ambayo hadi leo inaheshimiwa katika basilika ya mji ule. Na kabla ya Wahispania, bahari ilikuwa imekwisha kuleta maneno mengine. Shukrani kwa Kisebuano ni "salamat" na hakimu ni "hukom". Hayo ni maneno ya asili ya Kiarabu, yaliyowafikia kwa njia ya Wamalayu. Upande wetu wa bahari hiyohiyo yakawa salama na hukumu. Lola alifurahi mno kusikia hivyo. Alisema kwamba basi tumekunywa maji ya kisima kimoja.

Sasa tuwasimulie lile linalotuaibisha.

Jioni ya nne tuliketi barazani baada ya kula. Wajukuu walikuwa wamelala, mashua zilikuwa zimetoka, na upepo ulikuwa umetulia. Kwa juma zima tulikuwa katika makelele ya umati, na utulivu ule ulituingia kama maji baridi. Lola alikuwa ameweka simu yake ya mkononi juu ya meza. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mingaw kaayo." Mmoja wetu akafungua kijitabu kwenye mwanga wa taa. "Mingaw": kwanza waliandika "quiet", yaani kimya, na baada yake neno jingine ambalo hatukulisoma kwa makini. "Kaayo" tulikuwa tumekwisha kulijua: sana. Kumbe bibi anausifia utulivu wa jioni! Tukatabasamu wote wanne, tukamjibu kwa Kisebuano chote tulichokuwa nacho: "Maayo! Maayo kaayo!" Ni vizuri! Ni vizuri sana!

Lola alitutazama, akatabasamu kidogo kwa ajili yetu, akakusanya sahani akaingia ndani. Hakutoka tena usiku ule.

Asubuhi mwalimu alitueleza. "Mingaw" ni kimya, ndiyo, lakini ni kimya cha mahali ambapo watu walikuwapo na sasa hawapo. Husemwa juu ya nyumba iliyoachwa, juu ya uwanja baada ya sherehe, juu ya barabara usiku wa manane. Na neno hilohilo likiingia moyoni, "gimingaw ko", ndilo wanalolitumia wanapomkumbuka aliye mbali. Kwao moyo wa mtu aliyeachwa na nyumba iliyoachwa vina jina moja. Mume wa Lola alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yake hakupewa ruhusa na mwajiri kurudi kumzika baba yake. Jioni ile ndiyo iliyokuwa siku ya simu yake, na simu haikulia. Bibi alituambia, "Nyumba yangu imekuwa ukiwa," nasi tukampongeza.

Wapendwa, tulikuwa na neno lile. Kiswahili kinalo: ukiwa. Na tulikuwa na habari yenyewe, kwa maana ni akina mama wangapi katika jumuiya zetu ndogondogo wanaoitazama simu juu ya meza, binti zao wakiwa Oman, Qatar au Saudia? Tumeketi barazani mwao pia. Kama tungaliutazama uso wa Lola badala ya kutazama ukurasa, tusingalikosea. Kosa halikuwa la kijitabu peke yake. Kilitupa maana mbili, nasi tukachukua ile iliyotufaa sisi, tuliokuwa tumechoka na kutaka kupumzika. Hivyo ndivyo tunavyomsikiliza mwenzetu mara nyingi, hata katika lugha tuliyozaliwa nayo.

Tulitafuta neno la kuomba radhi, tukaenda kusimama mbele yake jikoni: "Pasayloa kami, Lola." Utusamehe. Mwalimu alisema kwamba tumesema sawa, na kwamba neno "kami" limekaa mahali pake. Tukamwuliza kwani lingeweza kukaa vipi vingine. Ndipo tukapata somo la safari nzima. Waingereza wana "we" moja na sisi tuna "sisi" moja. Wasebuano wanazo mbili. "Kami" ni sisi bila wewe ninayesema nawe. "Kita" ni sisi pamoja nawe. Hakuna njia ya kusema "sisi" kwa lugha ile bila kuamua kwanza: je, huyu aliye mbele yangu yumo au hayumo? Anayeomba msamaha husema "kami", kwa sababu aliyekosewa hahesabiwi pamoja na waliokosa. Na katika Baba Yetu ya Kisebuano, "yetu" ni ile isiyomjumlisha anayeambiwa, kwa kuwa Mungu si mmoja wa sisi tunaohitaji chakula na maondoleo. Tumeisali sala hiyo tangu utotoni bila kulifikiria jambo hilo, kwa sababu lugha yetu haitulazimishi kulifikiria.

Lola hakutoa hotuba. Alipangusa mikono, akaonyesha meza, akasema, "Mangaon ta." Tule. Ile "ta" ni kifupi cha "kita". Jioni aliwasha mshumaa mbele ya Mtoto Yesu sebuleni, katika ile "sala" tuliyopiga magoti bila kuitwa, akasema, "Mag-ampo kita." Tuombe. Tulikuwa tumeyasikia maneno hayo katika kila Misa ya juma lile, na kwetu yalikuwa tafsiri tu ya kitu tunachokijua. Safari hii tulisikia kilichomo: sisi, na ninyi mkiwamo. Alimtaja binti yake kwa jina, akalia, nasi hatukusema kwamba ni vizuri.

Tangu hapo tumejifunza kuiogopa "sisi" yetu. Kamati ikitangaza kwamba "tumeamua", watu walioko kwenye mabenchi ya nyuma wamo? Tukisimama msibani na kusema "tumepotelewa", je, tumepotelewa kweli pamoja na mjane, au tunasema naye kutoka ng'ambo ya ukuta, kisha turudi nyumbani tukale? Kiswahili hakituumbui, maana kinatuachia neno moja tulifiche ndani yake tunalotaka kulificha. Lakini aliyeachwa nje hulitambua mara moja, kama Lola alivyotutambua.

Basi, kwa waliouliza: tukikiri makosa, someni "kami", kwa kuwa makosa ni yetu. Penginepo pote tunajitahidi iwe "kita", nanyi mkituona tumewaacha nje, tuandikieni.

Mwaka uliofuata, baada ya Noeli, mwalimu alitutumia ujumbe. Mkataba wa binti ulikuwa umekwisha, naye alikuwa amerudi nyumbani. Chini yake aliongeza sentensi moja ambayo Lola alimwagiza aiandike kama alivyoitamka, bila tafsiri: "Dili na mingaw ang balay." Nyumba haina ukiwa tena. Tuliielewa bila kufungua kijitabu.

Juma hili, kila mmoja wetu aende akapige hodi katika nyumba moja ambayo simu yake hailii. Tusiende na maneno mengi. Tukikaribishwa, tuketi, tumtazame mwenye nyumba usoni, na tumwache aseme.

Tunawatakia Dominika njema na amani ya Bwana.