Haya Isiyo Mahali Pake



Nakusimulia kosa langu ili lisije likawa lako. Siku moja mke wangu aliniambia kuwa mkaza mwana wetu anaungua akienda haja ndogo. Nilikuwa na vidonge vya rangi mbili, baki ya dawa ya jeraha la mguu wangu. Nikampa ampelekee, wala sikuuliza neno.

Kumbe yule binti alikuwa na mimba ya wiki saba, akiificha kwa haya na kwa kuchelea jicho la watu. Alhamdulillahi, hakuvimeza. Alivichukua hadi zahanati, akamwambia muuguzi siri yake.

Muuguzi alivitambua: doksisaiklini, jamii ya tetrasaiklini. Dawa hizi, hasa mimba ipitapo mwezi wa nne, huingia katika meno na mifupa ya mtoto, meno yakatoka yamebadilika rangi. Akataja na Septrini, ambayo waganga huiepuka miezi mitatu ya mwanzo wakipata nyingine, kwani huzuia kazi ya foliki asidi wakati ubongo na uti wa mgongo vinapoumbwa.

Mke wangu kusikia hayo akasema, basi bora asinywe dawa yoyote. Hilo nalo ni kosa. Uchafu wa mkojo usipotibiwa hupanda kwenye figo, mama akashikwa na homa kali, na huenda akazaa kabla ya siku zake. Basi akapimwa mkojo, akaulizwa kama penisilini imewahi kumdhuru, kisha akapewa amoksilini, dawa ya jamii hiyo ya penisilini, ambayo wajawazito wameitumia miaka mingi na haikuonekana kuwadhuru watoto wao. Akaimaliza yote, akapona.

Msomaji wangu, haya ni katika imani. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Basi mwambie binti yako: akichelewa siku zake, amweleze mganga kabla ya kupokea dawa. Na wewe usigawe baki ya dawa zako, wala usimkataze mgonjwa dawa aliyoandikiwa na ajuaye.

Mtoto yule leo hukaa mkekani mbele yangu akisoma Juzuu Amma. Kila nikiyaona meno yake, humwomba Mola wangu maghufira.

Wabillahi tawfiq.