Kisu Kisichokuwa Chetu



Marehemu baba yetu alikuwa mkusanyaji wa visu. Vya dukani hakuvitaka. Alitafuta vilivyofuliwa kwa mkono na wahunzi wa zamani. Alipofariki, tulifungua sanduku lake tukahesabu visu 19: majambia mawili yenye ala za ngozi, vya kuparia samaki vilivyotoka Lamu, na vingine vya bara, vilivyofuliwa kwa springi za malori, alivyovipata miaka aliyokuwa akisafirisha sukari ya Mumias.

Akaja tajiri mmoja mpenda vitu vya kale. Alivipita vyote, akashika kimoja: kirefu, chenye bapa pana, mpini wa pembe, na alama tatu za patasi karibu na mpini. Bei aliyoitaja ingetosha karo ya mwaka mzima ya wadogo zetu. Sisi ndugu wanne tulitazamana, na kila mmoja moyoni alikwisha kuzitumia zile fedha.

Ndipo mama, aliyekuwa ndani akikaa eda, aliposema kutoka nyuma ya pazia: "Hicho msikiuze, wanangu. Si cha baba yenu. Ni amana ya watu wa Mayoni."

Akatusimulia. Idi moja ya kuchinja, lori la baba liliharibika Mayoni, katika njia itokayo Mumias kwenda Bungoma. Mzee mmoja Mwislamu alimkaribisha kwake, kisha akamwazima kisu hicho akachinjie kwa jamaa zake Bungoma, akirudi amrejeshee. Baba alirudi kwa njia nyingine. Mwaka ukazaa mwaka. Kila Idi alikipaka mafuta, akaahidi kukipeleka, na hakuchinja nacho tena.

Sote tunajua kuwa amana haiingii katika mirathi. Tajiri tulimwomba radhi, na eda ya mama ilipokwisha, wawili wetu tukafunga safari.

Njia hiyo watu wa pwani waliijua zamani. Karne ya 19 misafara yao ilifika kwa Wanga, katika makao ya Nabongo, na Uislamu ukafika pamoja nayo. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki 1949, alisilimu. Ndiyo maana tulipoteremka Mayoni, katikati ya mashamba ya miwa, tulipokewa kwa salamu ile ile ya nyumbani.

Yule mzee alikwisha kufariki. Tulimkuta binti yake, naye ni bibi mwenye wajukuu. Tulimwamkia, tukafungua kitambaa. Alipitisha kidole juu ya zile alama tatu, akanyamaza kitambo.

"Alama ya mjomba wake baba," akasema. "Yeye ndiye aliyekifua."

Tulimwomba amsamehe baba yetu. Akajibu kwamba baba yake hakuwahi kusema kisu kimepotea. Alisema kimo safarini.

Kisha akaagiza kinoo, akamwita mjukuu wake, akamfundisha kunoa, akimkumbusha kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha makali yanolewe ili mnyama asiteseke. Jioni ile tulikula kuku aliyechinjwa kwa kisu hicho.

Karo tunailipa kidogo kidogo, alhamdulillahi. Visu 18 vilivyobaki tumegawana kwa sheria. Nanyi, ndugu wasomaji, kabla hamjaita kitu urithi, waulizeni mama zenu kilitoka wapi. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na yule mzee wa Mayoni. Amin.