Kabla Hujanunua Saruji

Zanzibar

Kwako mpwa wangu,

Picha zako nimeziona na makisio ya fundi wako nimeyasoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Ulitaka nikujibu kwa simu, ndiyo au hapana, ili kazi ianze Jumatatu. Jibu langu ni isianze Jumatatu. Sababu zake haziingii kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Fundi anasema ukuta wa ukumbini unatoa chumvi na lipu inababuka, basi dawa ni kuikwangua yote mpaka mawe yaonekane, kupiga lipu mpya ya saruji, kisha kumaliza kwa rangi ya mafuta. Simlaumu. Nyumba alizojifunzia kazi ni za matofali ya saruji, kama hiyo yenu ya Dar es Salaam, na huko pengine ushauri wake ungefaa. Nyumba ya marehemu bibi yako iliyoko Kiponda, Mji Mkongwe, ni kitu kingine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene kiasi cha nusu mita, mahali pengine zaidi. Jiwe lenyewe lina matundu na chumvi ya bahari imo ndani yake tangu siku lilipochimbwa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa pole pole jua linaporudi. Wazee waliupaka chokaa kwa kuwa chokaa huyaacha maji yatoke.

Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta ni kama kumvalisha mtu nailoni mchana wa kaskazi. Maji yaliyokwisha kuingia hukosa pa kutokea, yakapanda juu kutafuta upenyo. Alama ya unyevu iliyokuwa usawa wa goti utaikuta baada ya miaka michache iko usawa wa kifua. Chumvi husafiri pamoja na maji hayo. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kuganda chembechembe, na chembe hizo zikikua ndani ya matundu hulipasua jiwe kutoka ndani. Hapo lipu ya saruji itaachia, na ikiachia haiondoki peke yake, huchukua na uso wa jiwe. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe nimeitwa kuzitazama "zilizokarabatiwa juzi tu", nikakuta ukuta uliokuwa mzima sasa unamwagika unga ukiugusa kwa kidole!

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya lipu, tafuta maji yanatoka wapi. Fundi wako ameandika kurasa nne za vifaa na hakuna mstari hata mmoja unaosema chanzo ni nini.

Anza juu. Panda darini mvua inaponyesha, uwe na tochi, usiende siku ya jua ukatazama mabati yanavyong'aa. Tazama pale paa linapokutana na ukuta wa jirani, maana hapo ndipo panapovuja katika nyumba nyingi za mtaa ule. Tazama milizamu kama imeziba kwa majani na mavi ya kunguru. Kwenye picha ya upande wa uchochoroni nimeona kimti kimeota ukutani karibu na mlizamu wa pembeni. Mti huo umepandwa na ndege, na mizizi yake inafuata unyevu ndani ya chokaa. Usiung'oe kwa nguvu, utaondoka na mawe. Ukate, utie dawa ya kuua shina, mizizi ikisha kufa ndipo uzibe.

Kisha teremka ghorofa ya kati, kwenye choo alichoongeza mjomba wako mkubwa. Lile doa la mviringo kwenye dari ya ukumbi liko chini yake moja kwa moja, na doa la mviringo halitoki ardhini. Usiku, watu wakisha kulala, tia alama kwenye tangi pale maji yalipofika na uhakikishe hakuna aliyefungua bomba. Asubuhi yakiwa yamepungua, una bomba linalovuja ndani ya ukuta, na hakuna lipu duniani itakayokusaidia. Shimo la karo nalo likaguliwe. Halijafunguliwa tangu nakumbuka, na ukuta ulio jirani nalo ndio huo unaotoa chumvi kuliko yote.

Halafu ardhi. Nilipokuwa mtoto tulipanda ngazi kuingia nyumba ile. Njia ya mbele imeinuliwa kila ilipotengenezwa, leo mlango uko karibu sawa na njia na maji ya mvua yanasimama chini ya baraza. Tena mtu fulani, simtaji, aliweka zege kuzunguka msingi mzima na kwenye sakafu ya behewa, akidhani anausaidia ukuta. Maji ya ardhini ambayo zamani yalitokea kwenye udongo wa behewa sasa yana njia moja tu, nayo ni kupanda ukutani. Unyevu unaotoka ardhini kwa kawaida huishia kiasi cha mita moja hivi. Ukiuona juu zaidi ya hapo, ama umefungiwa kwa saruji ama una chanzo kingine. Lile zege la behewa livunjwe, ukanda wa kando ya ukuta ujazwe kokoto, na maji yaelekezwe nje. Kazi hiyo ni ya sururu na jasho, gharama yake ni ndogo, na faida yake itazidi kila kitu kilichomo kwenye makisio yale.

Chumba cha mbele ulichotia kiyoyozi kina unyevu wa aina nyingine. Ile kuvu nyeusi nyuma ya kabati sidhani kama imetoka ndani ya ukuta. Umeziba matundu ya hewa ya juu ya madirisha, na hewa yetu imejaa mvuke. Ikigusa ukuta uliopoa hugeuka maji. Kama huniamini, chukua kipande cha foili ya jikoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Foili ikilowa upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Ikilowa upande wa ukutani, tatizo limo ndani ya ukuta. Kipimo hicho ni cha bei ya chai.

Vyanzo vikisha kuzibwa, subiri. Najua hilo ndilo litakalokuudhi. Ukuta wa nusu mita uliolowa kwa miaka unaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kukauka, na hakuna feni wala moto utakaoharakisha bila kuupasua. Fungua madirisha, ondoa makabati yaliyoegemea ukuta, ondoa saruji yote ya zamani kwa patasi na nyundo ndogo. Chumvi inayotokea ipigwe brashi kavu na ikusanywe itupwe nje. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Lipu itakapofika wakati wake iwe ya chokaa na mchanga, na mchanga usiwe wa pwani, maana utakuwa unanunua chumvi kwa pesa yako. Chokaa iwe imezimwa na kukaa shimoni wiki kadhaa. Ya unga ya dukani iroweshwe kwanza, isichanganywe asubuhi na kupigwa mchana. Ipigwe tabaka nyembamba nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja, na ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua na upepo visiikaushe kabla haijashika. Wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni. Mwisho upake chokaa nyeupe. Bibi yako alikuwa akiipaka nyumba kila mwaka kabla ya Ramadhani, na watu walidhani ni urembo tu.

Na tafadhali, usiniletee habari ya kuacha mawe wazi kama ulivyoona hotelini. Wageni wanapenda kupiga picha, sawa. Mawe yale yalijengwa yafunikwe, na ukuta ulioachwa uchi utakumwagia mchanga kitandani kila usiku.

Boriti sizungumzii sana, kwa kuwa sijaziona ncha zake. Boriti ya mkoko huoza pale inapoingia ukutani, katikati ikabaki ngumu kama chuma, kwa hiyo kugonga katikati hakukuambii kitu. Chokoa ncha kwa bisibisi. Zilizooza zibadilishwe moja moja kwa boriti. Fundi amependekeza kuziondoa zote na kumwaga zege la nondo: hapana kabisa. Kuta zile hazikujengwa kubeba uzito huo, na nondo zikikaa karibu na mawe yenye chumvi zitapata kutu, zitavimba na kulipasua zege. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliovipima. Usijaribu kuvipanua kwa kuvunja ukuta wa kati.

Unakumbuka jumba la Beit al-Ajaib. Lilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaanguka wakati ukarabati unaendelea, watu wawili wakafariki. Sikutajii kisa hicho ili nihukumu kazi ya mtu. Nakukumbusha kwamba jengo la zamani lina hatari zaidi siku linapoguswa kuliko siku linaposimama peke yake. Kwa hiyo pasikwanguliwe upande mzima wa ukuta kwa mara moja, na dari ishikiliwe kwa nguzo kabla boriti ya kwanza haijatolewa. Ule ufa wa ngazini utiwe alama ya penseli kila mwisho wake na tarehe kando. Usipoongezeka masika yote, uzibe kwa chokaa. Ukiongezeka, tafuta mhandisi.

Mengine ni mafupi. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kubadilisha dirisha wala mlango bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nenda na michoro mapema; tena huko utaulizia mafundi waashi wanaoijua chokaa, maana wako, ingawa ni wachache na wengi ni watu wazima. Pia nyumba ni ya warithi. Mama yako na khaloo zako wote waandike kwamba wamekubali, usije ukamaliza kazi ndipo fitina ianze.

Pesa ulizonazo ziende kwanza kwenye paa, mabomba na karo, kisha behewa. Lipu na rangi ni za mwakani, inshaallah. Mke wako akilalamika kwamba wageni wataona ukuta mbaya, mwambie mimi ndiye niliyekataza.

Nitakuja baada ya Idi, nipande darini mwenyewe ikiwa magoti yataniruhusu. Mpaka hapo, mifuko ya saruji uliyokwisha kununua mpe jirani anayejenga kibanda chake huko Mwera, au irudishe dukani wakikubali.

Nisalimie wote.

Mimi mjomba wako