Si Baridi Tu, Mama Mwenzetu

Huku kwetu Kizwite baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Ufipa hupenya hata blanketi. Mtoto akiwa na midomo ya buluu tunasema, "Ni baridi." Akikohoa kila mwezi tunasema, "Ni nimonia tena," au bibi anashauri akatwe kimeo. Lakini sisi wauguzi, tunaowatembelea wazazi pamoja na akina mama wa kanisa, tumeona kwamba baridi husingiziwa mengi. Mojawapo ni ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wapatao 8 huwa na kasoro ya moyo. Wengine wana tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo. Wengine wana mshipa ambao ungejifunga baada ya kuzaliwa, ukabaki wazi. Hii si laana, wala si adhabu ya mama. Mara nyingi chanzo hakijulikani, ingawa rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba, au kisukari cha mama kisichodhibitiwa, huongeza hatari.

Utatofautishaje na baridi? Mfunike mtoto apate joto, kisha tazama ulimi wake. Ulimi ukiwa wa buluu, hiyo si baridi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mtazame pia anaponyonya. Je, anachoka na kuachia ziwa, anahema, anatoka jasho kichwani hali wewe umejifunika shali? Je, uzito kwenye kadi haupandi? Fahamu pia kuwa wengi wenye tundu hawana rangi ya buluu kabisa.

Mama mmoja alituambia, "Sista, nisipojua, nalala usingizi. Nikijua, nitalalaje?" Tulimwelewa. Wengi wetu tukisikia "kipimo cha moyo" tunaona kisu na kifua kilichopasuliwa. Sivyo. Vipimo vya kwanza havina hata sindano.

Cha kwanza ni kusikiliza kifua. Cha pili ni kifaa kidogo chenye mwanga, kinachobanwa kidoleni au kuzungushwa mguuni, ili kupima oksijeni katika damu. Kilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Mtoto mchanga hupimwa mkono wa kulia na mguu mmoja, akishatimiza saa 24. Pwani hutarajiwa asilimia 95 au zaidi. Huku milimani hewa ni nyepesi, na namba huweza kushuka kidogo hata kwa mtoto mzima. Kwa hiyo mwachie mhudumu aisome. Namba nzuri pia haiondoi shaka yote, maana tundu huweza kuwapo na oksijeni ikawa ya kawaida.

Cha tatu ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, sawa na altrasaundi ya mimba. Kazi hiyo ilianzishwa na Inge Edler na Hellmuth Hertz nchini Sweden mwaka 1953. Mtoto hupakwa jeli kifuani na kulala. Akilia, mpe ziwa. Daktari huona vyumba vya moyo na damu inavyopita.

Mama yule alikubali. Mtoto alikutwa na tundu dogo, la aina ambayo mara nyingi hujiziba lenyewe, akapangiwa siku za kurudi kuangaliwa. Lakini tumemwona pia mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 9. Tundu kubwa lisipozibwa hupeleka damu nyingi mapafuni kwa nguvu, na mishipa ya mapafu huharibika taratibu. Ikishaharibika sana, hata bingwa hawezi tena kuliziba. Kwa mtoto huyo ilikuwa hivyo.

Zamani watoto wengi walipelekwa India. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayowapasua watoto hapa hapa nchini. Kutoka kwetu ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kupitia Tunduma na Mbeya, na nauli si ndogo. Ndiyo maana tunawasihi akina baba washirikishwe mapema, na vikundi vyetu vitenge akiba ya safari kabla haja haijafika.

Mama mwenzetu, siku ya kliniki usiishie kwenye mizani na chanjo. Mwambie mhudumu jinsi mtoto anavyonyonya na anavyohema, kisha omba asikilizwe moyo. Dakika chache hizo hazimuumizi mtoto, na zinaweza kumpa miaka mingi.