Kutoka Mtendeni na Kompyuta Begani

Mama ni muuguzi. Tangu utoto wangu namwona akijaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za afya, akihesabu wagonjwa kwa vijiti vinne na mkato wa tano. Nilipojua kwamba hesabu zile huishia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na kwamba kiini chake kimeandikwa kwa Java, nikataka kuijua lugha hiyo. Pale kwetu Mtendeni, Tabora, nilikuwa naandika kwenye Notepad, natoka, nafungua dirisha jeusi, naandika amri ya javac, nasomewa makosa, narudi tena mwanzo. Ilikuwa sawa na kupika huku chumvi iko kwa jirani.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma Dar es Salaam. Akaniita. Nikaondoka Tabora kwa basi, mara yangu ya kwanza kuvuka Manyoni, na kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 iko begani. Zamani wapagazi wa misafara wa Kinyamwezi waliishika njia ya pwani kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Wangu haukufika kilo tatu, lakini niliukumbatia usiku kucha.

Dodoma nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika huko Julai 2024. Nilitega sikio nisikie mgongano wa vyuma niliouzoea stesheni ya Tabora. Haukuja! Maji yalitulia ndani ya chupa. Nilikuwa nimepanga kuandika programu njiani. Sikuandika hata mstari, macho yote yalikuwa dirishani.

"Mpaka leo unaandikia Notepad?" dada aliniuliza nilipofika kwake Kijitonyama, Dar es Salaam. "Pole, mdogo wangu. Kesho tunaanza kuonja."

Siku ya kwanza tulionja NetBeans. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya mazingira ya kuandikia programu: mahali pa kuandika, kompaila na kitafuta makosa vimekaa pamoja kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Niliandika sout, nikabonyeza Tab, ikajimwaga System.out.println nzima. Nikapiga kelele, jirani akagonga ukuta. Nilipokosea herufi, mstari mwekundu ukatokea hapo hapo, kama ustadhi wa madrasa anavyokurudisha kwenye irabu kabla hujamaliza aya. Dada akaniambia NetBeans ilianzishwa na wanafunzi wa Prague mwaka 1996. Wanafunzi! Nililala nikiwawaza.

Siku ya pili ikawa zamu ya Eclipse, iliyotolewa na IBM mwaka 2001. Hiyo, kabla hujakaa, inakuuliza kazi zako uziweke wapi. Ina uwezo mwingi, na kila kilichopungua unaweza kukiongeza, ila mimi sikujua hata kipi kimepungua. Nilipotea kwenye menyu zake kama mgeni sokoni siku ya gulio.

IntelliJ IDEA tuliifungua siku ya tatu, nayo ni ya kampuni iliyoanzia Prague hiyo hiyo. Kwenye kompyuta ya dada ilikuwa tamu kuliko zote. Inakisia unachotaka kusema kabla hujakisema. Kwenye yangu feni ilivuma, kishale kikaganda, nikaandika neno likatokea baada ya kupepesa macho mara tatu. Walioitengeneza wanapendekeza gigabaiti 8. Nilihuzunika kweli.

"Nikichagua leo, nimejifunga?" nikauliza. Hofu hiyo nilikuja nayo kutoka nyumbani. Dada akachukua faili langu la Eclipse lenye mwisho wa .java, akalifungua kwenye NetBeans. Likaendeshwa vile vile. Akanieleza kwamba tangu Sun Microsystems waitoe Java mwaka 1995, nia ilikuwa programu iandikwe mara moja na iendeshwe kokote penye mashine ya Java, iwe Windows, Linux au Mac. Nikakumbuka Kiswahili cha misafara: mtu alitoka nacho Bagamoyo, akapita nacho Tabora, akafika nacho Ujiji, na akaeleweka kote.

Nimechagua NetBeans. Mzigo wake unabebeka kwenye kompyuta yangu, na ina ubao wa kuchorea fomu ambako unavuta kitufe kwa mausi na kukiweka unapotaka. Fomu ya kwanza niliyochora ina safu za kitabu cha mama. Niliporudi nyumbani na kumwonyesha, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, alivaa miwani, akasema safu ya umri nimeiweka pasipo pake. Nimeirekebisha.

NetBeans ni ya bure na leseni yake inaruhusu kugawana. Ukiwa Tabora na huna bando la kuipakua, njoo Mtendeni na flashi.