Moto Utokao Zizini

Je, nyumbani kwako kuna ng'ombe? Kama wapo wawili au watatu, nao wanalishwa zizini, basi moto unao. Watu wakitaja nguvu zisizokwisha, hutaja jua, upepo na maji ya mto. Zizi hulisahau. Labda ni kwa sababu linanuka.

Mimi nina ng'ombe watatu. Nyuma ya zizi kuna mtambo wa gesi ya samadi. Ukija hutauona, kwani umefukiwa ardhini. Ni chumba cha matofali na saruji, cha mviringo kama chungu kilichofunikwa. Kila asubuhi tunachanganya madebe mawili ya kinyesi kibichi na madebe mawili ya maji. Tunakoroga mpaka uwe uji, kisha tunaumimina ndani. Humo hamna hewa. Vijidudu vidogo sana hula uji ule na kutoa gesi. Gesi hupanda juu, huingia katika bomba, huja mpaka jikoni. Ukifungua koki na kuwasha kiberiti, unapata moto wa buluu usio na moshi. Uji uliokwisha tumika husukumwa nje na ule mpya. Huo ni mbolea. Migomba yangu inaujua.

Shangazi yangu alipotutembelea aliuliza, "Mwanangu, utanilisha chakula cha mavi?" Mke wangu alimwashia moto, akaunusa mwenyewe. Akala.

Hapa Tanzania SIDO ilianza kujenga mitambo ya gesi hii mwaka 1975. Ile ilikuwa na pipa la chuma juu yake, na chuma hushika kutu. Miaka ya 1980 CAMARTEC ya Arusha ilieneza huu wa matofali.

Sasa tuseme habari ya maji, maana wanaoisifu gesi hii huipita haraka. Kwangu bomba la kijiji liko karibu. Rafiki yangu mmoja anakaa mbali na mto. Mtambo wake ulijengwa vizuri, lakini ulikufa kiangazi cha kwanza. Mkewe aliacha kwenda kuni, akaanza kubeba madebe mawili zaidi ya maji kila siku. Baada ya miezi mitatu aliyatua, akasema, "Baba Juma, maji haya sasa yabebe wewe." Hakuyabeba. Mimi naona mama yule alisema haki. Kabla hujachimba shimo, kaa na mbeba maji wa nyumba yako, mpange. Mkojo wa ng'ombe ukikingwa vizuri hupunguza maji yanayotakiwa. Maji ya mvua ya bati pia husaidia.

Makande bado tunapika kwa kuni. Huchukua saa nyingi na kumaliza gesi ya jioni.

Ukisikia harufu ya yai bovu jikoni, usiwashe kiberiti. Funga koki, fungua mlango na dirisha. Kisha pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Panapotoa mapovu, ndipo panapovuja.