Samaki wa Mawe wa Kasanga

Miaka ya tisini mwanzoni, kabla ya lami kufika Kasanga, kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, wageni wetu wengi walishuka kutoka meli ya Liemba. Mmoja wao, mtafiti kijana kutoka Ulaya, hakuwa na haja na migebuka wala dagaa. Alitaka samaki wa mawe, wale wadogo wekundu tuliokuwa tukiwaona kila siku tukioga. Mjomba ndiye aliyekuwa na mtumbwi, mimi nikipiga kasia.

Mgeni alizama na miwani ya maji, akatega kijiwavu kati ya majabali, akaibuka na samaki kiganjani. Kwa mkasi mdogo alikata ncha ya pezi, kipande kama ukucha wa mtoto mchanga, akakitia kwenye kichupa cha spiriti. Akaandika kwa penseli mahali na tarehe, kisha akamrudisha samaki majini.

“Sasa bwana, hicho utakifanyia nini?” mjomba akauliza.

“Mzee, humu mna ukoo wake wote.”

Jibu hilo nilikuja kulielewa nikisomea ualimu, nilipokutana na jina la Axel Meyer. Ni Mjerumani aliyezaliwa 1960, akapata udaktari Berkeley, Marekani, mwaka 1988, na kufanya kazi na Allan Wilson, ambaye maabara yake mwaka 1987 ilifuatilia ukoo wa kike wa binadamu wote hadi Afrika. Meyer aliuleta ujuzi huo wa kusoma ukoo katika DNA kwa samaki wetu. Mwaka 1992, yeye na Christian Sturmbauer walichapisha utafiti wao juu ya Tropheus, hao hao samaki wa mawe. Waligundua kwamba, ingawa maumbo yao yanakaribiana mno, tofauti za DNA ya upande wa mama ndani ya kundi hilo dogo ni mara sita ya zile za jamii nzima ya samaki wenzao wa Ziwa Victoria, wenye maumbo ya kila namna.

Sababu yake inaonekana ukiwa mtumbwini. Samaki huyu hula mwani wa kwenye mawe, jike hubeba mayai mdomoni, na ni nadra kuvuka mchanga au kilindi. Ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenga ndugu kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana ukipanda kuelekea Wampembe unakuta wenye rangi nyingine. Naliona hili kuwa somo kubwa kuliko yote ambayo ziwa letu limeufundisha ulimwengu: wanaofanana kwa sura wanaweza kuwa wameachana zamani sana.

Meyer alihamia Chuo Kikuu cha Konstanz mwaka 1997 na kuendelea na kazi hiyo. Huku kwetu, miti ya miteremkoni inakatwa, mvua inashusha udongo, na tope linafunika mwani. Samaki asiyevuka mchanga hana pa kuhamia. Walimu wenzangu wa Kalambo na Nkasi, wapelekeni wanafunzi ziwani wawaone samaki hawa, na miche ya kitalu cha shule ipandwe mlimani, juu ya mawe wanakoishi.